Vitufe Vinane, Nyuzi Tano: Safari ya Kutengeneza Pedi Akihabara

Chini ya reli ya Sobu, hatua chache kutoka stesheni ya Akihabara jijini Tokyo, limejificha soko la vipuri vya umeme liitwalo Radio Center, ambalo vibanda vyake vingi ni vidogo kuliko kibanda cha wakala wa fedha za simu cha Kariakoo, na ambalo njia zake ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana sharti mmoja ajigeuze ubavu ampishe mwenzake. Treni zikipita juu, visanduku hutikisika na kulia kidogo: visanduku vya rezista, yaani vile vipande vidogo vinavyozuia umeme usipite kwa wingi, vya swichi, vya soketi, vya nyaya za kila rangi, vya taa zisizozidi punje ya mtama, vyote vimepangwa safu kwa safu kama wauza viungo wa Darajani, Unguja, wanavyopanga bizari, iliki na karafuu. La muhimu zaidi ni kwamba humo kipuri huuzwa kimoja kimoja. Anayehitaji swichi moja hauziwi katoni, na anayehitaji waya wa mita moja hupimiwa mita moja, ukakatwa mbele ya macho yake, kama apimiwavyo mtu kitambaa cha kushona.

Msafiri, ambalo ndilo jina atakaloitwa hapa mwandishi wa makala haya, alifika sokoni humo akiwa na kisanduku cha mninga kilichochongwa na seremala wa Keko, Dar es Salaam, pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Katika karatasi hiyo ulikuwamo mchoro wa penseli wa kiganja cha kulia cha mtoto wa miaka 12, mpwa wake aishiye Tanga, ambaye tangu kuzaliwa mkono wake wa kushoto hauna nguvu ya kushika kitu. Nyumbani kwa mtoto huyo ipo mashine kongwe ya michezo ya video ambayo ndugu zake huicheza kila jioni na yeye huitazama tu, kwa kuwa kidhibiti chake, yaani kile kifaa cha vitufe ambacho vijana wa vibanda vya michezo Dar es Salaam na Nairobi hukiita pedi, kiliundwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono miwili: dole gumba la kushoto huongoza mwendo, na la kulia huruka na kupiga. Safari ilikusudia kutengeneza pedi itakayochezwa kwa mkono mmoja, na Japani ilichaguliwa kwa sababu ndiko ilikozaliwa mashine yenyewe.

Mashine iliyozaliwa huko ni Famicom, kifupi cha Family Computer, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Nintendo nchini Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa bei ya yeni 14,800. Watu wengi wa Afrika Mashariki waliokua katika miaka ya 1990 waliifahamu bila kulijua jina lake, kwa sababu zilizoenea huku, ile ya Tanga ikiwemo, hazikuwa Famicom halisi bali nakala zake, zilizotengenezwa na viwanda vya Taiwan na China pasipo idhini ya mwenye mali, zenye kaseti zilizojigamba kubeba maelfu ya michezo ilhali ndani mlikuwa na michache iliyorudiwarudiwa. Wajapani nao huita kaseti hizo kasetto, na neno hilo lilipotamkwa na muuzaji wa Akihabara, msafiri alilielewa pasipo mkalimani. Nakala zilikuwa na sifa moja ambayo ile ya asili haikuwa nayo: pedi zake huchomekwa na kuchomolewa kwa plagi ya pini tisa, ilhali waya za pedi mbili za Famicom zimeungwa ndani ya mashine, na mmoja katika mapacha hao hana kitufe cha Start wala cha Select, bali mahali pake amewekewa kipaza sauti kidogo. Waya wa pedi ya Famicom ukikatika kwa ndani, jambo ambalo huanzia hasa pale unapoingia kwenye pedi kwa kuwa hapo ndipo unapopindwa kila siku, mwenye mashine hawezi kununua nyingine akachomeka tu. Nintendo ilisimamisha utengenezaji wa mashine hiyo mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaacha hata kuzipokea kwa matengenezo kwa kuwa vipuri vilikuwa vimeadimika. Hata hivyo mbele ya Famicom kuna tundu la pini 15, lililowekwa kwa ajili ya vifaa vya ziada, na kupitia tundu hilo fundi yeyote anaweza kuingiza pedi yake.

Mwenyeji wa msafiri alikuwa kijana wa Morogoro anayesomea uhandisi Tokyo, ambaye alimpokea kwenye mlango wa stesheni kwa kumwambia shikamoo kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, huku umati ukiwapita pande zote mbili kama maji yanavyolipita jiwe. Msafiri aliitikia marahaba, na katika siku zilizofuata akaona kwamba kijana huyo alikuwa na mwili wenye adabu mbili: kwa Mswahili mwenziwe mkubwa alitanguliza shikamoo, na kwa Mjapani mzee aliinamisha kiuno, akiinama zaidi kadiri umri ulivyozidi, wala hakuonekana hata mara moja kuvuka kutoka adabu moja kwenda nyingine kwa taabu. Wazee wanaolalamika kwamba vijana walio ughaibuni husahau heshima wangefarijika kumwona.

Yeye ndiye aliyempeleka msafiri kwenye kibanda cha muuzaji mmoja mzee, akamwita ojisan, neno ambalo kwa Kiswahili laweza kuwa mjomba, baba mdogo au mzee, kutegemea anayeitwa. Mzee huyo aliukunjua mchoro wa kiganja juu ya kaunta, akautazama kwa muda mrefu pasipo kusema, kisha akauliza umri wa mtoto. Alipojibiwa, aliviondoa vitufe vyenye kipenyo cha milimita 30 ambavyo kijana alikuwa amevitaja, vile vinavyotumika katika mashine kubwa za kumbi za michezo na ambavyo kampuni za Sanwa na Seimitsu zimejijengea jina kwavyo, akaleta vya milimita 24, akavipanga kimoja kimoja juu ya ncha za vidole vilivyochorwa. Chini ya dole gumba aliweka viwili, cha kwenda kushoto na cha kwenda kulia. Kidole cha shahada akakipa kitufe cha A, ambacho katika michezo mingi huruka. Cha kati akakipa B. Cha pete akakipa cha kwenda chini, na cha mwisho akakipa cha kwenda juu. Start na Select, ambavyo havihitajiki mchezo unapoendelea, vilikwenda pembeni.

Baada ya hapo alikishika kisanduku cha mninga, akapitisha kidole kwenye ubao wake, akanusa mbao, akauliza ni mti gani. Kisha alipima unene wa ubao kwa kipimio cha chuma na kutikisa kichwa, kwa kuwa ulikuwa milimita 12. Vitufe vya kumbi za michezo ni vya aina mbili: vya kubana, ambavyo vina masikio mawili ya plastiki yanayojinasa chini ya bati jembamba, na vya kukaza, ambavyo vina uzi wa skrubu na nati pana inayokazwa kutoka ndani. Aina ya kwanza haishiki kabisa kwenye ubao mnene, na hata ya pili ina kikomo cha urefu wa uzi wake, hivyo ikabidi upande wa ndani wa kila tundu la kitufe uchongwe ili nati ipate mahali pa kukaa. Seremala wa Keko hakukosea. Aliambiwa atengeneze kisanduku imara, naye akakitengeneza kama kabati la nguo. Aliyekosea ni aliyemwagiza bila kumwonyesha kitufe.

Mzee aligundua pia jambo ambalo halikumpitia msafiri akilini. Pedi ya kawaida ya Famicom huongozwa kwa kitufe cha umbo la msalaba, ubunifu wa Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo, ambao ulionekana kwanza mwaka 1982 katika mchezo mdogo wa mkononi wa Donkey Kong. Msalaba huo umeegemea kijinundu katikati yake kama bembea ya watoto inavyoegemea gogo, hivyo upande wa kushoto ukishuka, wa kulia hauna budi kuinuka, na kwa namna hiyo haiwezekani kuiamuru mashine iende kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Wapangaji wa programu za zamani walilitegemea umbo hilo, na baadhi yao hawakuandika kanuni yoyote ya kushughulikia amri mbili zinazopingana. Matokeo yake ni kwamba mchezo wa Zelda II, kwa mfano, huvurugika ukipewa amri zote mbili, mhusika akafyatuka kwa kasi ambayo hakuna aliyeikusudia. Msalaba ukivunjwa kuwa vitufe vinne vinavyojitegemea, kinga hiyo hutoweka. Zipo saketi za kuirudisha, lakini mzee alichukua penseli yake, akasogeza vile vitufe viwili vya dole gumba vikaachana kwa zaidi ya upana wa dole lenyewe, akauchapa mchoro kwa kucha. Dole moja haliwezi kuwa mahali pawili.

Soko hili lenyewe lilianza kwa shida. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945 na Tokyo ikiwa imeteketea kwa mabomu, wauzaji walipanga bidhaa barabarani katika eneo la Kanda na Akihabara, na kwa kuwa jirani palikuwa na shule ya ufundi wa umeme, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Denki cha Tokyo, wanafunzi walinunua valvu na nyaya, wakaunda redio, wakaziuza kwa watu waliokuwa na njaa ya habari. Mwaka 1949 mamlaka ya majeshi yaliyoikalia Japani iliamuru vibanda viondolewe barabarani, na wauza vipuri wakapewa nafasi chini ya reli. Atakayesoma habari hizi akiwa Luthuli Avenue, Nairobi, au katika mtaa wowote wa wamachinga wa Dar es Salaam, ataitambua hadithi: amri ya kuondoka, mabishano, kisha kuhamia mahali finyu. Tofauti ni kwamba huko Akihabara pale finyu palipotolewa palikuwa mlangoni mwa stesheni, mahali ambapo wateja hupita kila siku, na ndiyo sababu biashara haikufa. Kuwahamishia wauzaji mahali pasipo na wapita njia ni kuwaua polepole, na miji ya Afrika Mashariki imekwisha kuliona hilo mara nyingi.

Hata hivyo Akihabara nayo inabadilika. Baada ya redio zilikuja friji na mashine za kufulia, baada ya hizo kompyuta, na leo barabara kuu imejaa sanamu za wahusika wa katuni, kadi za kuchezea na mikahawa ambayo wahudumu wake huvaa nguo za vijakazi wa zamani. Radio Store, soko lililokuwa jirani ya Radio Center na lenye umri karibu sawa nalo, lilifungwa mwaka 2013 baada ya miaka 64, wenye vibanda wakiwa wamezeeka pasipo mrithi. Mzee wa vitufe, alipoulizwa na kijana kama ana mtoto atakayeshika kibanda, alijibu kwamba mwanawe anafanya kazi benki, akaendelea kuhesabu rezista.

Chakula cha mchana kilikuwa wali kwa mchuzi, ambao Wajapani huuita kare, na ambao katika mitaa ya Kanda hupikwa na migahawa mingi kiasi kwamba eneo zima hunukia bizari. Mchuzi huo uliwafikia Wajapani katika karne ya 19 kwa mkono wa Waingereza, ambao nao waliuchukua India, wakaukoleza kwa unga wa ngano uwe mzito. Pwani ya Afrika Mashariki viungo vile vile vilishushwa majahazini moja kwa moja na kukutana na tui la nazi. Bakuli la Kanda lilikuwa tamu kidogo, zito, rangi ya udongo wa mfinyanzi, na wali wake ulishikana kiasi cha kuhitaji kijiko. Kijana wa Morogoro alikiri kwamba mwaka wake wa kwanza alikula chakula hicho karibu kila siku, si kwa sababu kilifanana na cha nyumbani, bali kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na nia ya kufanana nacho.

Mlimani juu ya soko pana hekalu la Kanda Myojin, ambalo mapokeo husema liliasisiwa mwaka 730, na ambalo leo huuza hirizi za kulinda kompyuta na vyombo vya umeme. Hirizi hizo, omamori kwa Kijapani, hununuliwa na wahandisi na wenye maduka, zikabandikwa au kutundikwa karibu na mashine. Hekalu la Senso-ji, lililoko Asakusa, nalo kila tarehe 8 Februari huwa na ibada ya kuziaga sindano zilizovunjika, ambapo washonaji huzichomeka katika kipande laini cha tofu ili zipumzike baada ya kutumika maisha yao yote katika vitambaa vigumu. Mtu anaweza kuwa na imani nyingine kabisa, kama alivyo msafiri, na bado akaguswa na adabu ya kukishukuru kifaa kabla ya kukitupa.

Usiku kazi ilifanywa chumbani kwa kijana, chumba cha mikeka sita, kwani Wajapani hupima vyumba kwa idadi ya mikeka ya tatami inayoenea humo, na mkeka mmoja hukaribia urefu wa sentimita 180 kwa upana wa 90. Ni kipimo ambacho mtu wa pwani, aliyezaliwa na kulazwa juu ya mkeka, hana haja ya kuelezwa mara mbili. Gazeti lilitandikwa ili tatami isiungue, pasi ya kulehemu ikawashwa, na waya wa lehemu ulipogusa ncha yake ulitoa moshi wenye harufu ya utomvu wa msonobari, uliomo ndani ya waya huo ili kusafisha chuma kabla ya kushikana. Harufu hiyo ina udugu na ya sandarusi, ule utomvu uliochimbwa katika pwani ya Afrika Mashariki na kusafirishwa kupitia Zanzibar kwenda kutengeneza vanishi za Ulaya na Marekani. Ilijaa chumbani, na kijana akafungua dirisha.

Yapasa kueleza kinachofanyika ndani ya pedi, kwa sababu wepesi wake ndio unaoifanya iwezekane kutengenezwa na mtu asiye mhandisi. Moyo wake ni chipu moja yenye miguu 16, iitwayo 4021, ambayo hupokea habari nane kwa pamoja na kuzitoa moja baada ya nyingine. Tuseme ni daladala ambayo abiria wanane wameingia kwa pamoja kupitia milango yote, kisha konda akaziba milango na kuwashusha mmoja mmoja kwa mlango wa mbele, akiwatazama usoni kila anaposhuka. Mashine, kwa kawaida mara 60 katika kila sekunde, hutuma ishara ya kwanza inayoiambia chipu ishike hali ya vitufe vyote kwa wakati ule ule. Halafu hutuma mapigo manane, na kwa kila pigo abiria mmoja hushuka, daima kwa utaratibu ule ule: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Kwa hiyo habari za vitufe vinane hupita katika uzi mmoja, na pedi nzima huhitaji nyuzi tano tu: wa umeme wa voliti 5, wa ardhi, wa ishara ya kushika, wa mapigo, na wa majibu. Katika tundu la pini 15 la Famicom hutumika pini tano. Katika plagi ya pini tisa ya zile nakala hutumika tano vilevile. Pedi ya mninga iliwekewa ncha mbili za kubadilisha, moja ya kuijaribia kwenye Famicom ya kijana, nyingine ya kuipeleka Tanga.

Kila kitufe kina miguu miwili. Mguu mmoja wa vitufe vyote huunganishwa kwa waya mmoja wa ardhi unaozunguka kisanduku kizima, na mguu wa pili huenda kwenye mguu wake wa chipu, ambao nao umefungiwa rezista ya omu 10,000 kutoka kwenye umeme wa voliti 5. Rezista hiyo hushikilia mguu wa chipu juu wakati kitufe kimeachiwa. Kitufe kikibonyezwa, umeme hushuka hadi ardhini na chipu huelewa kwamba kimeguswa. Bila rezista, mguu huelea: hauko juu wala chini, hunasa kila mtikisiko wa umeme ulio hewani, na mashine huona kitufe kinabonyezwa na mtu asiyekuwapo.

Ndivyo ilivyotokea. Kaseti ya Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, ilipochomekwa, mhusika wake alianza kutembea kushoto peke yake hadi ukingo wa kioo akabaki hapo anatingisha miguu. Kisanduku kilifunguliwa, skrubu nne zikawekwa katika kifuniko cha chupa zisipotee, na kijana akapita na mita juu ya kila rezista. Saba zilisoma sawasawa. Ya nane ilikuwa imekaa vizuri kwa macho, lehemu imeizunguka kama nta, ila haikuwa imeshika. Mafundi redio huita hali hiyo lehemu baridi, nayo hutokea pale fundi anapoyeyusha lehemu juu ya pasi na kuidondosha, badala ya kuupasha moto mguu wa kifaa chenyewe kwanza ndipo lehemu iufuate. Msafiri ndiye aliyeilehemu hiyo ya nane, saa saba za usiku, akiwa na haraka. Iliguswa tena kwa pasi kwa sekunde tatu, ikameta, na mhusika akasimama.

Yafaa kutaja hapa kwamba si michezo yote inayoitambua pedi iliyochomekwa mbele ya Famicom. Programu ya Super Mario Bros. huisoma ile ya ndani na ile ya nje pamoja, na michezo mingi hufanya hivyo, lakini ipo isiyojali kabisa tundu la mbele. Kwa mtoto wa Tanga hilo si tatizo, kwani plagi ya pini tisa ya mashine yake huingia mahali pa pedi yenyewe.

Siku tatu baadaye safari ilielekea Kyoto kwa treni ya mwendo kasi, Shinkansen, ambayo ilianza kukimbia kati ya Tokyo na Osaka mwaka 1964. Mlima Fuji ulijitokeza upande wa kulia kwa dakika chache, na abiria waliokuwa wamelala waliamka kuutazama kama vile abiria wa basi la Moshi wanavyonyoosha shingo wakipita Same, Kilimanjaro unapojivua mawingu. Fuji una mita 3,776, Kilimanjaro 5,895, na wote wawili husimama peke yao pasipo safu ya milima mingine, jambo ambalo huenda ndilo huwafanya watu wawahesabu kama watu.

Nintendo ilianzia Kyoto mwaka 1889, ikiwa karakana ya Fusajiro Yamauchi ya kutengenezea hanafuda, karata ndogo nene zenye picha za maua ya miezi kumi na miwili. Huko Uji, mji wa jirani unaojulikana kwa chai yake ya kijani, kiwanda cha zamani cha kampuni hiyo, ambamo karata zilichapwa na mashine zilizoharibika zilitengenezwa, kimegeuzwa makumbusho yaliyofunguliwa tarehe 2 Oktoba 2024. Ndani yake zipo pedi kubwa mno, zinazohitaji watu wawili wasaidiane ili kuzicheza. Wageni, mabibi na wajukuu zao, walikuwa wakisukumana na kucheka juu ya pedi hizo, kila mtu akishika upande wake. Msafiri alibaki hapo zaidi kuliko mahali pengine popote katika jengo, kwa kuwa mbele yake mchezo mmoja ulikuwa umegawanywa kwa mikono minne na hakuna aliyeona ajabu. Basi kuukusanya katika mkono mmoja hakuwezi kuwa jambo la ajabu. Nintendo yenyewe iliwahi kuthibitisha hilo mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipouza Marekani pedi ya kuvaliwa kifuani, inayoendeshwa kwa kidevu na kwa kuvuta na kupuliza pumzi katika mrija, kwa ajili ya watu wasioweza kutumia mikono. Ni kazi iliyostahili kuendelezwa kwa bidii kubwa zaidi kuliko ilivyoendelezwa, kwani watu wanaoihitaji hawakupungua.

Chai ya Uji hunywewa bila sukari wala maziwa, chungu, mbichi, ikiwa na povu jembamba juu, na hutanguliwa na kipande cha kitu kitamu ili ulimi ujiandae. Mwanamke mzee aliyeiandaa alikizungusha kikombe mara mbili kabla ya kukipokeza, upande wake mzuri ukamwelekea mgeni. Mwenyeji wa Tanga humimina chai ya maziwa yenye iliki hadi ikafurika kwenye kisahani, na kufurika huko ndiko ukarimu wake. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya kumwambia mgeni kwamba amefikiriwa kabla hajaketi.

Pedi ya mninga ilifika Tanga ikiwa imefungwa ndani ya taulo. Mtoto aliweka kiganja chake juu yake, akaona kwamba vitufe viko mahali vidole vilipo, akamuuliza mjombake kwa nini mtu wa mbali anaujua mkono wake. Plagi ya pini tisa ilichomekwa, na vitufe vyote vinane viliitika. Jioni ile alifika hatua ya pili ya Mario, akafa kwa kuanguka shimoni, akaomba aanze tena. Ndugu zake wakalazimika kungoja zamu.

Kwa msomaji ambaye katika stoo ya nyumba yao bado imo mashine ya kaseti yenye pedi iliyokufa: usiitupe, wala usikubali kuambiwa kwamba haitengenezeki. Mpelekee fundi redio wa mtaani kabla naye hajafunga kibanda, umwambie aufuate waya kutoka kwenye plagi, kwani ndani yake zimo nyuzi tano tu, na mara nyingi uliokatika ni mmoja.